Korongo Jazz Walipokuja Singida Bila Mimi

Ngozi ikianikwa juani hutoa harufu mbili. Ya kwanza ni ya mnyama, nayo huisha upesi. Ya pili ni ya mikono iliyoishika, mafuta na jasho na vumbi, na hiyo haiishi hata wenye mikono wakishazikwa. Mwezi uliopita nilifungua sanduku la marehemu baba nikakuta kava la redio yake, lile la ngozi lenye vitundu mbele kama chujio la chai. Nikalianika barazani. Jua lilipolipata tu nikajikuta nina miaka kumi, miguu imepauka, na moyoni nina wivu.

Siku hiyo vijana wa mdogo wangu walikuwa sebuleni kwangu pale Mwankoko, Singida, kwenye nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu, yaani mikono iliyogeuza wagonjwa vitandani ughaibuni kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu. Walikuwa wakibishana juu ya bendi za roki za Wazungu, zile za zamani ambazo wao wanazitazama kwenye simu. Mmoja alisema bendi kubwa ni ile iliyouza santuri nyingi kuliko zote. Mwenzake akasema kuuza si kitu, bendi hupimwa jukwaani. Wakanigeukia.

"Mama Mkubwa, wewe umekaa kule. Ipi kali?"

Niliwaambia zote mbili nimeziona kwa macho yangu haya. Moja niliiona uwanjani mvua ikinyesha, nyingine ukumbini nikiwa mbele kabisa. Ile ya santuri nyingi ilisimama kama watu wanaosubiri basi. Ile nyingine ilinifanya nipoteze kiatu, nikarudi zamu ya usiku na kiatu kimoja. Vijana wakanitazama kwa heshima, na heshima ile niliistahili. Mimi ni mtoto wa mkulima wa uwele, niliyesoma kwa kibatari nikapata diploma ya uuguzi, na diploma yenyewe iko ukutani kwenye fremu ya kioo, kila aingiaye huiona kabla hajaona kiti. Sisemi hivi kwa majivuno. Nasema ili wa rika langu wanaosoma wajue kuwa anayewasimulia hakubaki nyuma ya mtu maishani, isipokuwa mara moja. Aliyenipita ni Hadija, binti wa baba yangu mkubwa, na alinipita kwa bendi.

Kijiji chetu wakati ule kilikuwa kipya kiasi kwamba hakikuwa na kivuli. Tulikuwa tumetolewa kwenye tembe za babu zetu, ambako kila ukoo ulikaa na ng'ombe wake na majabali yake, tukaletwa mahali pamoja ili tupate shule, maji na zahanati. Nyumba zilikuwa mistari iliyochorwa ardhini kwa jembe. Zenyewe bado. Tulilala kwenye vibanda vya nyasi, na kila jioni wakubwa walitazama mawingu kwa namna ambayo sisi watoto hatukuielewa. Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi, ingawa nyumba kumi zenyewe zilikuwa vibanda kumi, na alikuwa na redio.

Redio ilikaa juu ya jabali nyuma ya kibanda chetu, kwa kuwa hapo ndipo ilipokamata vizuri. Betri zikichoka, baba alizipanga juu ya jabali hilohilo ziote jua, zikarudiwa na nguvu za siku mbili. Kazi yangu ilikuwa kuzilinda mbuzi wasizipige teke na watoto wa watu wasizichezee. Nikitoka shule nilikaa pale, na kwa kukaa pale nikaisikiliza redio kuliko mtu yeyote kijijini, na kwa kuisikiliza nikawa mkubwa. Asubuhi kabla kengele haijagongwa watoto walinizunguka niwaambie jana umepigwa wimbo gani. Nilijua kuimba magita kwa mdomo. Nilijua kumuiga mtangazaji akisoma kadi za salamu: fulani wa Manyoni anamsalimu fulani wa Kahama, na ujumbe wake ni vumilia. Na nilikuwa na bendi yangu, Radi Jazz ya Dar es Salaam.

Kulikuwa na Radi, na kulikuwa na Korongo Jazz ya upande wa Tabora. Kwa jinsi nilivyoielewa nchi yetu, iligawanyika hivyo. Radi ndio waliopigwa zaidi redioni. Nilikuwa na hakika kwa sababu kila wimbo niliuwekea alama ya mkaa kwenye jabali, Radi upande wa kulia, Korongo upande wa kushoto, na upande wa kulia ulikuwa umeshuka mpaka kwenye majani. Niliamini bendi zote zinakaa mle kwenye jengo la redio, kwenye benchi refu, zinasubiri kuitwa. Mtangazaji akisema na sasa Radi Jazz, wao husimama, hujifuta mikono, hupiga. Sauti ikififia nilijua wamechoka. Jumapili niliwahurumia, jinsi walivyoitwa kila mara. Hakuna aliyewahi kuniambia vinginevyo, na mimi sikuwahi kuuliza, maana mimi ndiye niliyekuwa naulizwa.

Basi Hadija akaja. Baba yake alikuwa fundi cherehani mjini Singida, kwenye baraza la duka. Alipougua kifua alirudi kwa ndugu zake, na cherehani yake ikaja juu ya lori imefunikwa blanketi kama mgonjwa wa pili. Hadija aliteremka amevaa viatu. Alikuwa rika langu, mwembamba, Kiswahili chake cha mjini, hakina Kinyaturu ndani yake hata punje. Alimwamkia kila mtu mzima, shikamoo mmoja mmoja bila kuruka, mpaka bibi yetu akasema, huyu ndiye mtoto aliyelelewa. Nilikuwa nimesimama palepale. Mimi nililelewa na bibi mwenyewe.

Siku ya pili nilimpeleka kwenye jabali nikamwonyesha alama zangu. Nilitegemea ashangae.

"Kwa hiyo Radi ndio wakubwa," nikamwambia. "Hesabu mwenyewe."

Hadija alizitazama alama kutoka juu hadi chini. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, "Umewaona?"

"Kuwaona wapi?"

"Wakipiga."

"Nawasikia kila siku."

"Mimi Korongo nimewaona," akasema. "Walikuja ukumbini mjini, bugi la mchana. Yule wa saksafoni suruali ilimchanika kabla hawajaanza, baba akaitwa. Akaishona nyuma ya jukwaa, mwenyewe amesimama ndani yake, anasema fundi usinichome. Mimi nilishika mkasi."

Nikaanza kuzihesabu alama zangu upya.

Bugi ndilo lililokuwa dansi la mchana, la vijana na watoto, wakubwa wakiachiwa la jioni. Neno lenyewe nilikuwa sijalisikia, nikajifanya nimelisikia. Kesho yake shuleni watoto walimzunguka yeye. Hakuwaita, walikwenda wenyewe. Nikawaambia kwa sauti kwamba bendi inayotangatanga mikoani ni bendi isiyo na kazi. Radi wako kazini, ndiyo maana hawaji. Korongo ni wazururaji. Wakati ule neno hilo lilikuwa zito, wazururaji walikuwa wakisombwa mijini na kurudishwa mashambani, kwa hiyo nilijua nimerusha jiwe kubwa. Mtoto mmoja akakuna kichwa akasema, "Basi afadhali mzururaji anayefika." Wakacheka, wakamgeukia Hadija.

Nilianza kumchukia kwa vitu vidogo. Jinsi alivyokunja gauni kabla ya kukaa. Jinsi alivyokula mlenda bila kujichafua kidevu. Usiku tulilala juu ya ngozi moja ya ng'ombe, na nilisikia anavyopumua, nikawaza kwamba hewa ileile imewahi kuwa chumba kimoja na saksafoni.

Ndipo akaja Baba Mdogo, mdogo wao wa mwisho baba zetu, dereva wa lori la kusambaza sukari na sabuni kwenye maduka ya vijiji. Aliegesha, akanywa maji, akatoa habari. Korongo Jazz wanakuja Singida Jumamosi, na bugi litaanza saa nane. Kwenye kebini yuko yeye na utingo wake, na imebaki nafasi ya mtu mmoja mwembamba.

"Nitamchukua mmoja wenu," akasema. "Nani?"

"Mimi," tukasema wote wawili.

Akacheka. "Nasikia mnabishana kila siku bendi ipi kubwa. Basi pigeni kura. Bendi itakayoshinda, mwenye nayo anapanda lori."

Hakuna aliyegundua kwamba mimi nikithibitisha Korongo hawafai, zawadi yangu ni kwenda kuwatazama Korongo. Mimi niligundua, nikanyamaza. Nilitaka kupanda lori lile kuliko nilivyotaka kula. Sikutaka kwa kuwapenda. Nilitaka mtu akiniuliza umewaona, nijibu ndiyo, basi.

Wa rika langu wanakumbuka kura zilivyopigwa. Watu wengi walikuwa hawajajua kusoma, kwa hiyo mgombea mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba, na mpiga kura aliitazama picha. Wakubwa walisema wazi kwamba anayepata jembe ameshashinda nusu. Sisi ni wakulima, mkono unaliendea jembe wenyewe. Baba yangu, balozi, niliwahi kumsikia akisema hivyo kwa masikio yangu. Kwa hiyo Baba Mdogo alipotangaza kwamba tutapiga kura kama watu wazima, kwa jembe na nyumba, nilishajua ninataka kipi.

"Wewe una mwandiko," akaniambia. "Andika karatasi mbili, moja jembe, moja nyumba, uzikunje. Mgeni achague kwanza."

Nilikwenda nyuma ya kibanda. Nikaandika nyumba. Nikaukumbuka mkasi. Kwenye karatasi ya pili nikaandika nyumba tena.

Hadija alichagua, akafungua, akasoma. "Nyumba."

"Basi mimi jembe," nikasema, na karatasi yangu nikaitia mdomoni, nikaitafuna polepole kama mtu anayetafuna muwa.

Baba Mdogo alinitazama. "Una njaa, mama?"

"Ndiyo, Baba Mdogo."

Kura ilipigwa Alhamisi, siku ya shamba la kijiji. Kila kaya ilitoa watu tangu alfajiri, na saa nne walipumzika wakanywa uji. Baba Mdogo alisimamisha madebe mawili, akachora jembe kwa mkaa kwenye moja na nyumba kwenye lingine, na nyumba yake aliichora vizuri, ina paa la mgongo, mlango na dirisha. Kila mtu alipewa mbegu moja ya alizeti. Kabla ya kura kila mmoja wetu alitakiwa aitetee bendi yake.

Nilianza mimi, na bado nasema nilifanya vizuri. Niliweka mtangazaji mwanzoni na mwishoni. Niliimba Radi neno kwa neno, magita kwa mdomo, hata mikwaruzo ya masafa niliiweka mahali pake. Watu walitikisa vichwa taratibu kama wanavyotikisa wakiisikia redio, na waliokuwa wanakunywa uji waliendelea kunywa.

Hadija hakuwa na sauti. Mpaka leo hana. Alichukua jembe la mtu akalishika kama gita, akafumba macho kama anayenusa chakula cha jirani, akasema huyu ndiye wa solo. Akalitupa, akachukua pembe ya kanga akajipangusa shingo polepole, akasema huyu ndiye mwimbaji, na hapo bado hajaimba, watu wameshapiga kelele. Kisha akawa yule wa saksafoni, anataka kuinama na kifaa chake lakini anaogopa mshono wa suruali, kwa hiyo anainama nusu, anageuka kuangalia nyuma, anainama nusu tena. Mama mmoja aliumwaga uji. Mzee ambaye sijawahi kumwona akicheka alikaa chini. Halafu vijana wakasimama kwenye matuta na kucheza, bila muziki wowote, kwa kumtazama Hadija tu.

Nilikuwa na jembe, kwa hiyo sikuogopa.

Bibi yetu ndiye aliyetangulia kwa kuwa alikuwa mkubwa kuliko wote. Alisimama mbele ya madebe na mbegu yake kwenye vidole. Akalitazama jembe, akaitazama nyumba, akainama kuutazama ule mlango.

"Jembe nimelishika tangu alfajiri," akasema. "Na mnaniuliza kama nalitaka tena." Akatupia mbegu kwenye nyumba. "Mimi nipeni nyumba kabla ya mvua."

Wanawake waliokuwa nyuma yake walicheka, kicheko kisicho na furaha, na wakafuata. Walikuwa watu wanaolala kwenye nyasi, na mawingu yalikuwa yameanza kukaa upande wa mashariki. Mmoja baada ya mwingine walipita kwenye jembe bila kuligusa. Jembe walikuwa nalo mkononi na malengelenge yake. Debe la nyumba lilipigwa na mbegu kama mvua yenyewe. Langu lilikuwa na mbegu chache, na moja ni ya baba, aliyeitumbukiza akiwa ananitazama.

Nimeishi na jambo hili muda mrefu na nasema tena, nilishindwa na mvua. Hadija alishinda kwa nyumba niliyompa mimi mwenyewe kwa mwandiko wangu. Hivyo ndivyo ninavyojiambia. Tatizo ni wale vijana kwenye matuta, ambao walicheza kabla hata madebe hayajasogezwa mbele.

Jioni hiyo Hadija alinifuata kwenye jabali nilipokuwa nageuza betri.

"Nenda wewe," akasema. "Mimi nimeshawaona."

Nikageuza betri nyingine.

"Nitamwambia Baba Mdogo naumwa tumbo."

"Sili makombo," nikasema.

"Si makombo. Ni nafasi."

"Kwako ni nafasi. Kwangu ni makombo."

Alisimama kidogo akichora ardhini kwa ncha ya kiatu, kisha akaondoka. Katika kazi yangu nimewaona wagonjwa wanaokataa dawa kwa sababu ya mkono ulioleta kikombe. Wenzangu waliwashangaa. Mimi niliwaelewa upesi, na pengine ndiyo sababu niliwaweza kuliko muuguzi yeyote wa wodi ile.

Jumamosi lori liliondoka asubuhi. Nilikaa kwenye jabali nikiwa nimeipa barabara mgongo. Saa tisa mchana, wakati betri zilipokuwa bado na nguvu, mtangazaji akasema kwa sauti yake ileile ya kila siku: na sasa tuwasikilize Korongo Jazz.

Nilisimama. Wakaanza. Gita lilikuwa lao, saksafoni yao, hakuna wa kunidanganya. Wako Dar es Salaam, kwenye benchi, wameitwa na wamesimama. Sasa ukumbini Singida ni kina nani?

Nilikimbia kijiji kizima. Nilimwambia bibi. Niliwaambia watoto waliokuwa wanachunga ndama. Nilimsimamisha mwalimu wetu kwenye baiskeli nikamwamkia, kisha nikamwambia Hadija na Baba Mdogo wametapeliwa, Korongo wenyewe wako redioni saa hii. Mwalimu alifungua mdomo, akaufunga, akaendelea na safari yake. Nilidhani amepigwa na mshangao. Sijawahi kufurahi kama mchana ule, hata siku ya kupokea diploma, na siku ya kupokea diploma nilifurahi sana.

Lori lilirudi Jumapili mchana. Watu walikuwa wameshakusanyika, nusu kwa habari za Korongo na nusu kwa habari zangu. Hadija alipokanyaga chini nilikuwa mbele ya wote.

"Pole," nikamwambia. "Mmetapeliwa."

"Na nani?"

"Korongo walikuwa redioni jana saa tisa. Nimewasikia mwenyewe. Hao mliowatazama ni watu gani?"

Baba Mdogo alitoa kichwa dirishani.

"Mama," akasema, "ile ni santuri."

Akaeleza. Ni sahani nyeusi, ukubwa wa ungo mdogo, wimbo umeshachorwa humo siku nyingi. Inawekwa, inazunguka, inapiga. Wenyewe wanaweza kuwa wamelala. Wanaweza kuwa wamekufa.

"Kwani wewe," akauliza, na hakuuliza kwa ubaya, "siku zote ulidhani wamo mle ndani?"

Walicheka wote. Bibi naye alicheka, na nina hakika bibi alikuwa anaisikia habari ya santuri kwa mara ya kwanza kama mimi. Aliyekuwa hacheki ni Hadija peke yake. Alinitazama tu, na macho yake yalikuwa na huruma, na katika yote niliyotendwa siku ile, hilo ndilo nililolihesabu kuwa tusi kubwa.

Wakamkalisha kwenye kigoda, wakamzunguka, wakamwambia haya, tupe. Mimi nikachukua ndoo.

Kisima kilikuwa chini ya mteremko. Nilichota nikamwaga, nikachota nikamwaga. Kutoka kule nilikisikia kicheko chao, kisha kimya, kisha sauti nyembamba isiyo na maneno, kisha kicheko tena, kama unavyoisikia redio ambayo betri zake zimekaribia mwisho. Nilijua kwamba nikipanda mteremko hatua ishirini tu nitayapata maneno. Sikupanda. Nilirudi watu walipokwisha kutawanyika, na ndoo ilikuwa tupu, na hakuna aliyeniuliza.

Siku tatu sikusema naye. Usiku nilimpa mgongo. Siku moja alikuja mpaka kwenye jabali akasimama, akasema, "Nikuambie kitu?" Nikasema, "Nalinda betri." Akaondoka.

Baada ya hapo hadithi ikawa mali ya kijiji. Kwenye kupura mtama, kwenye harusi, hata kwenye msiba siku za mwisho watu wanapotaka kupumua, kuna mtu atasema, Hadija, tupe Korongo. Kila mara niliikumbuka kazi fulani. Nilikwenda kuni. Nilikwenda kuwatazama watoto. Nikafaulu mtihani nikaenda shule ya bweni, nikafaulu tena nikaenda chuo, nikapanda ndege. Nimetazama bendi kubwa ambazo vijana wangu wanazibishania, nimewatazama wapiga gita wenye majina wakizeeka jukwaani. Nikarudi, nikajenga. Mwaka huohuo nilialikwa harusi huko Ikungi, nikakaa meza ya mbele na miwani yangu ya ng'ambo, na mzee mmoja aliposikia ninakotoka aliacha chakula. Nilijiandaa kumweleza habari za ughaibuni.

"Aa," akasema. "Kumbe wewe ni ndugu yake Hadija, yule wa Korongo?"

Kwa hiyo siku ile kava lilipokuwa linakauka barazani, na vijana wakauliza tena kati ya zile bendi mbili ipi hasa ilikuwa kali mbele ya watu, sikumaliza kuwajibu. Wiki iliyofuata nilipanda basi la Nduguti.

Hadija anaishi huko kwa mume wake, ana wajukuu na mbuzi wengi. Amekuwa mzito, magoti yanamsumbua, nikamwandikia dawa ya kupaka. Tulikula, tukazungumza habari za wagonjwa na marehemu. Mwisho nikasema, nikitazama pembeni, kwamba ile habari ya Korongo, ya ile Jumamosi, mimi sijawahi kuisikia.

"Najua," akasema.

"Nilikuwa kisimani."

"Najua ulikuwa wapi. Nilikuwa nakuona nikiwa nasimulia. Unamwaga maji." Akanyoosha goti lake kwa mikono miwili. "Siku ile nilikuwa nimekuwekea kipande. Jambo moja nililoliona kule ukumbini. Wale wengine sikuwapa. Nilisema hiki ni cha yule wa redio, maana yeye ndiye anayewajua kwa sauti, yeye peke yake atakielewa. Nilikuwa nakirudia kichwani njia nzima ya kurudi ili nisikipoteze."

"Ndicho ulichokuja kuniambia pale kwenye jabali."

"Ndicho."

"Kilikuwa nini?"

Mjukuu alimletea maji, Hadija akanywa, akairudisha kata.

"Kimenitoka, ndugu yangu," akasema. "Sikumwambia mtu, na kitu usichomwambia mtu hakikai."

Nikamwambia asimulie yote tangu mwanzo, labda kitarudi chenyewe. Akasimulia. Akaanza na lori, na utingo aliyelala mdomo wazi, na maziwa ya Singida yakionekana kwa mbali, na foleni mlangoni, na vumbi la ukumbini miguu ilipoanza. Hakusimama, magoti hayamruhusu, lakini mikono yake ilikuwa inapiga gita, na mimi niliyezunguka dunia nilikuwa nimeinama mbele kama mtoto. Mara tatu, nne, alifika mahali akanyamaza, kidole kimoja hewani.

"Hapa," alisema. "Palikuwa na kitu hapa."

Kisha akaendelea.